Mshairi wa Jiji Anasubiri Kujibiwa

Ijumaa, 4 Januari 2008

Mshairi wa jiji amehama Laini Saba. Ameniambia hayo Kaluki, dada yake mdogo, aliyempokea Kawangware Jumatatu asubuhi. Alifika kwa miguu na mkoba mmoja, ndani yake nguo mbili na mkasi wa kazi. Cherehani na vitu vingine vyote vimebaki kwenye chumba chake huko Laini Saba, Kibera.

Ndinda Kaloki ni fundi wa nguo. Juni mwaka jana kamati ya watu saba ilimteua kuwa mshairi wa jiji, wa kwanza kushika nafasi hiyo, kwa miaka miwili. Niliandika habari ya uteuzi huo, ikawekwa ukurasa wa ishirini na sita. Kazi yake kwa maandishi ya kamati: kusoma siku za kitaifa, kusoma miradi inapofunguliwa, na kusoma "pale itakapohitajika."

Alihitajika Jumapili jioni. Matokeo ya urais yalipotangazwa, redio moja ilicheza shairi la kumpongeza mshindi, na sauti ilikuwa yake. Wakati huo Laini Saba, iliyompigia kura aliyeshindwa, ilikuwa ikiwaka moto.

Nilimuuliza Kaluki kama dada yake aliliandika jioni hiyo.

"Jioni gani? Alikuwa chini ya kitanda. Alilirekodi kabla ya Krismasi."

Kabla ya Krismasi hakukuwa na mshindi. Kesho nitakwenda kumuuliza mwenyewe.

Jumamosi, 5 Januari

Nilimkuta akipinda sketi ya shule kwa mkono, sindano mdomoni, watoto wa Kaluki wamemzunguka. Kevin, mwanawe, yuko Kitui kwa nyanya yake tangu shule zifungwe.

Alieleza bila kuzunguka. Kamati ilimwita, ikasema redio itataka kitu cha haraka na siku yenyewe huenda asipatikane. Asome mara mbili, kila upande uwe na shairi lake.

"Beti zilikuwa tofauti?"

"Jina lilikuwa tofauti."

"Jina peke yake?"

"Khamala, umeniuliza, nimekujibu."

Gazeti letu lilikuwa na kurasa mbili za mbele zilizokamilika wiki hiyo hiyo, moja kwa kila mgombea. Hakuna aliyekuja kutupiga mawe, kwa sababu ile isiyotumika hakuna aliyeiona.

Niliwahi kumsikia akisoma nyumbani kwao, Novemba. Kabla ya kamati kumjua, watu wa Laini Saba walimjua kwa mkutano wa Jumapili nyuma ya karakana ya Ouma, anayetengeneza masanduku ya bati karibu na reli. Utaratibu wao ni huu: msomaji akimaliza anakaa chini, kwenye sanduku. Anayetaka kumjibu anasimama, kwa mashairi au kwa maneno ya kawaida. Anayejibiwa hasemi neno mpaka wote wamalize, hata akitukanwa. Siku ile Ndinda alisoma kuhusu mfereji mpya wa maji. Ouma akasimama, akasema mfereji umesifiwa vizuri sana, sasa tunaomba shairi la pili, la maji. Watu walicheka. Ndinda alikaa mikono mapajani. Jumapili iliyofuata, niliambiwa, alikuja na shairi ambalo ndani yake mfereji ulikuwa mkavu.

"Hili la redio halikujibiwa," alisema leo. "Redio haina mahali pa mtu kusimama."

Mlango ukabishwa. Alikuwa Rahab, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga anamoishi Kaluki, na pakiti mbili za maziwa. Mji mzima hauna maziwa.

"Mshairi wetu hawezi kunywa chai ya rangi," alisema. "Tulikusikia, mama. Nilimwambia mzee wangu, sikia mtu anayejua kusema. Kanisani wanakuuliza. Utusomee lile lile."

Ndinda alimshukuru, akaweka maziwa sakafuni kando ya mlango. Aliyeyaondoa pale ni Kaluki.

Jumatatu, 7 Januari

Hakuna kadi za simu madukani. Mhariri wangu, Marion, anataka habari za mamia ya watu, si ya mshairi mmoja. Hajakosea. Naendelea kuandika haya kando.

Jumatano, 9 Januari

Jana jioni sehemu ya baraza la mawaziri ilitangazwa, na umakamu wa rais umekwenda kwa mwanasiasa wa Ukambani, kwao Ndinda. Leo Ouma amenipigia simu.

"Sasa hata kama hangesoma kitu," alisema, "wanasema watu wake wameuza. Na alisoma."

Kuna mama anaitwa Nabwire, amefukuzwa Kawangware na watoto watatu kwa sababu ya jina lake na kura aliyodhaniwa kupiga. Amefika Laini Saba na analala kwenye kibanda cha mkaa. Vijana wanataka apewe chumba cha Ndinda. Ouma ametia kufuli yake mlangoni.

"Kufuli ni yangu. Lakini mimi si polisi, na huyo mama ana watoto. Nitasimama hapo mpaka lini?"

Nikamuuliza kama yeye anataka Ndinda arudi.

"Mimi nataka kujua alichokuwa anatuambia."

Ijumaa, 18 Januari

Siku ya tatu ya maandamano. Nilifika Laini Saba kabla ya polisi, na hilo ndilo kosa langu la leo.

Vijana waling'oa reli mchana. Nimeandika ya gazeti kuhusu hilo na sirudii. Mabomu ya vitoa machozi yalipoanza kuanguka kati ya vibanda, nilikimbilia karakana ya Ouma. Alikuwa ameshusha bati la mbele, akaniingiza kwa pembeni kama mzigo. Ndani tulikuwa wanne: Ouma, mimi, kijana mmoja aliyetokwa na damu kichwani, na Seline, anayeuza dagaa wa omena mkabala na hapo. Seline alitupatia kitambaa kilicholowa maji.

"Mwandishi, funika pua, si macho. Macho utayahitaji uandike uongo wako."

Tulikaa katikati ya masanduku ya wanafunzi wa bweni, yaliyopakwa rangi na kukosa wanunuzi kwa sababu shule hazijafunguliwa. Kila risasi ilipolia nje, masanduku yaliitikia kwa mtetemo mdogo. Ouma alikuwa akifunga bawaba. Hakuacha kufunga bawaba wakati wote tulipokuwa pale.

Niliwaambia habari ya kurekodi mara mbili.

"Nani amekuambia?" Ouma akauliza.

"Yeye mwenyewe."

"Basi bado hujui kitu. Kazi yako si ni kuuliza mtu wa pili?"

Kijana mwenye damu akacheka kidogo. "Mzee amekufunza kazi, buda."

"Kama ni kweli kuna ya pili," Seline akasema, "si angepiga simu atuambie? Mama Kevin ana namba yangu. Nguo yangu ya kanisa iko kwake, imewekwa mkono mmoja. Nimeenda kanisani mwezi mzima na ile ya zamani. Hata hilo hajasema pole."

"Anaogopa," nikasema.

"Sisi tunafanya nini hapa chini?"

Nje kulikuwa na mtu akiita jina moja, mara nyingi, halafu akaacha. Hatukujua kama alimpata. Ouma alisikiliza, bawaba mkononi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nitafute huo mkanda wa pili. Akasema vijana watarudi kwenye ule mlango, na yeye hana la kuwaambia isipokuwa kwamba Ndinda ni jirani. Mwezi huu neno jirani halimzuii mtu.

Nilitoka giza likiingia. Kijana mwenye damu alinitembeza mpaka barabarani. Hakuniambia jina lake.

Jumanne, 22 Januari

Nimeisikia rekodi ya pili. Fundi mitambo aliyerekodi anaitwa Osewe. Alinipokea mjini kwenye chumba kisicho na dirisha, akanichezea zote mbili, ya kwanza na ya pili, halafu akanichezea tena nilipomwomba.

Jina hutajwa mwanzoni. Kisha:

"Hongera uliyeshinda, jiji lakupa fahari,
Mlima umeupanda, tuongoze kwa uzuri."

Beti ni nne, zote za namna hiyo. Hakuna mtaa unaotajwa, wala bei, wala maji. Katika ile ya pili Ndinda alikohoa kabla ya ubeti wa mwisho, na Osewe anasema hakuomba irudiwe kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Tofauti ni jina na kikohozi.

"Hii ya pili ingepigwa, angekuwa wapi leo?" nilimuuliza Osewe.

"Laini Saba, akibebwa juu juu," alisema. "Na dada yake Kawangware ndiye angekuwa anatafuta pa kulala."

Ndinda hakudanganya. Nimefurahi kuliko ninavyostahili kwa habari ndogo namna hii.

Alhamisi, 24 Januari

Wakubwa wawili waliogombea urais wamepeana mikono mbele ya kamera. Kawangware, kituo cha mabasi cha 56, mawe hayajakoma.

Jumamosi, 26 Januari

Nilimpelekea Ouma nilichokipata nikidhani nampelekea utetezi. Karakana ilikuwa wazi. Seline alikuwepo, na vijana wawili wa upande wa reli. Niliwasomea beti zote kutoka kwenye maandishi yangu, nikawaambia kwamba zote mbili ni sawa, neno kwa neno.

Ouma aliniacha nimalize.

"Basi ni mbaya zaidi," akasema.

Nilimwomba afafanue.

"Angekuwa amempenda yule, ningesema sawa, ni kura yake, tumetofautiana. Mtu hawezi kukatazwa kupenda. Lakini huyu hakuwa amempenda yeyote. Hakuwa amemwona mtu. Mama Kevin ni fundi. Nimemwona akimrudisha Seline mara tatu ampime bega. Hajawahi kumshonea mtu nguo bila kumpima. Hii aliikata ikae kwa yeyote atakayeingia."

Kisha akasema, bila kusimama, huku akitafuta nyundo:

"Fundi wetu hukupima, nguo hii ni ya nani?"

Kijana mmoja akarudia mstari huo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Seline hakucheka.

Nimekuwa nikidhani swali ni upande aliokuwa. Laini Saba imekuwa ikiuliza swali jingine tangu mwanzo, na ni gumu zaidi.

Jumanne, 29 Januari

Mbunge ameuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kazi tu, siku nzima.

Jumapili, 3 Februari

Kawangware. Nilimweleza Ndinda kila kitu kama kilivyosemwa, pamoja na mstari wa Ouma. Alikata uzi kwa meno.

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mbele ya nani?"

"Seline na vijana wawili."

"Na wewe ulisimama ukanitetea."

"Nilisoma tu."

Akatunga uzi mwingine kwenye sindano. "Basi hilo ni jibu. Lakini lilitakiwa lisemwe nikiwa nimekaa pale."

Kaluki aliniambia mengine tukiwa nje. Asubuhi Ndinda alikwenda kanisa la Rahab. Alipoitwa mbele asome, alisimama, akasalimia, akasema hana shairi la kusoma, akakaa. Walidhani ni unyenyekevu, wakampigia makofi. Rahab hakupiga. Mchana alipita mlangoni akauliza chumba hiki kina watu wangapi, maana alikikodisha kwa mtu na watoto wake.

"Maziwa yameisha," Kaluki akasema.

Kwa hiyo sasa ana mlango mmoja wenye kufuli ya Ouma, na mwingine unaohesabiwa watu.

Alhamisi, 7 Februari

Joto. Mabomba makavu Kawangware, mabomba makavu Kibera. Sukuma wiki imepanda bei pote pawili.

Jumapili, 17 Februari

Ouma amekuja Kawangware. Kwa miguu, kupitia Dagoretti Corner, akiwa amevaa koti la suti na kubeba sanduku dogo la bati. Sanduku, alinieleza baadaye, lilikuwa la kumpa sababu ya kuwa njiani.

Rahab alimzuia langoni.

"Huyu ni nani?"

"Fundi wa masanduku," Kaluki akajibu.

"Nani ameagiza sanduku?"

"Mimi," Ndinda akasema kutoka ndani.

Rahab alimtazama Ouma kuanzia viatu hadi kichwa, akaondoka bila kufunga lango.

Walikaa wakitazamana, Ndinda kwenye kitanda, Ouma kwenye sanduku lake. Kwanza waliulizana habari za watoto. Ouma akauliza Kevin ameanza shule. Ameanza, huko huko Kitui. Ndinda akauliza kama nguo ya Seline imeliwa na panya. Ouma akasema hajui, hajafungua.

"Hata mara moja?"

"Si chumba changu."

Hapo Ndinda aligeuza uso ukutani kidogo.

"Nilitaka kuja Jumapili moja," alisema. "Niwasomee jingine. Nimeandika jingine."

"Hapana, Mama Kevin."

"Hujalisikia."

"Ulishasoma. Watu wote walisikia, mpaka polisi walisikia. Sasa ni sisi. Utakuja, utakaa, tutajibu. Wote wanaotaka."

"Halafu nisome."

"Halafu tutaona kama kuna wa kukusikia."

"Na mlango?"

"Watu wakimaliza kusema ndio wataamua mlango. Nabwire naye atakuwepo. Mimi nimesema nitatoa kufuli siku hiyo, iwe ni wewe unaingia au ni yeye."

Ndinda akamuuliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia panya: "Na wakisema nisirudi?"

"Utakuwa umesikia."

"Wakinipiga?"

"Nitakuwa upande wako wa kushoto. Zaidi ya hapo nikikuahidi nitakuwa nadanganya."

Alikubali. Sikuona dalili ya ushujaa wowote. Ilikuwa kama mtu aliyekubali tarehe ya hospitali. Tarehe yenyewe hawakuipanga. Ouma alisema ingoje hao wakubwa wakubaliane au wakatae, ijulikane.

Aliondoka na kuacha sanduku. Kaluki ameshaweka unga ndani.

Alhamisi, 28 Februari

Mkataba wa kugawana madaraka umetiwa saini. Watu walitoka barabarani Kibera wakiimba. Kawangware niliona mahali wanaimba na mahali wamefunga milango.

Ijumaa, 29 Februari

Katibu wa kamati alimpigia Ndinda jana jioni, redio zikiwa bado zinacheza hotuba. Wanahitaji shairi la mkataba: fupi, la matumaini, lisilotaja upande. Kurekodi ni Jumatatu.

Ndinda alimwambia atakuwa tayari baada ya kujibiwa Laini Saba.

Nimeongea na katibu leo ili nisikie upande wake. Si mtu mbaya. Anaamini kwa dhati kwamba mji uliovunjika unahitaji sauti moja tulivu, na kwamba mshairi wa jiji akikaa kimya wiki hii nafasi hiyo haina maana.

"Nilimwambia tutampa ulinzi, tutampa jukwaa, aende akasome hata huko Kibera," alisema. "Akaniuliza: kwenye jukwaa lenu, mtu akitaka kunijibu anasimama wapi? Sikuelewa swali. Wewe umelielewa?"

Nikamwambia nadhani ndiyo.

"Basi unifafanulie siku moja. Kamati inakaa Jumanne, tarehe 11 Machi. Nafasi haiwezi kubaki wazi."

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza, kidogo, ya kuchafua viatu.

Ouma amethibitisha: Jumapili hii. Vijana wa reli walitaka iwe jioni, yeye akakataa, iwe mchana watu waonane nyuso. Wanaotaka kujibu wamekwisha kumwambia, na ni wengi kuliko alivyotarajia. Seline ni mmoja wao, na hajawahi kusimama pale hata mara moja. Kijana aliyenitembeza siku ya maandamano pia. Bandeji imetoka, anasema Ouma, na anaitwa Oloo.

Nabwire ameomba zamu ya kwanza. Amepewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimpelekea Ndinda habari hiyo jana. Hakuuliza Nabwire atasema nini. Aliuliza alikuwa anaishi wapi hapa Kawangware.

Sikujua. Leo tumekwenda kutafuta, yeye, Kaluki na mimi. Si mbali, ni ploti ya tatu kutoka kwa Rahab, upande wa chini. Chumba kina mtu mwingine sasa, mwanamume aliyetujibu kutoka nyuma ya pazia kwamba alikipata wazi. Ndinda alimuuliza kama kuna kitu cha mama aliyekuwepo. Akasema hakuna. Ndinda akabaki amesimama. Baada ya muda mwanamume alitoka na sufuria na viatu vya mtoto, jozi moja, akaviweka chini, akarudi ndani.

Ndinda alivitazama lakini hakuviokota mara moja.

"Nikienda na hivi watasema nimekuja kununua chumba," alisema.

"Nikivibeba mimi?" Kaluki akauliza.

"Watasema nimemtuma mtu."

Tulibaki tumesimama pale watatu, na mvua ilikuwa imeanza tena. Hatimaye Ndinda aliinama, akavifunga kwenye leso yake. Alisema atampa Nabwire watu wote wakishamaliza kusema na mlango ukishaamuliwa, uwe wa nani.

Nilimuuliza ataandika nini kwa kamati. Alisema hajui, na safari hii hataandika kabla.

Jumapili, tarehe 9 Machi, saa nane mchana, nyuma ya karakana ya Ouma. Nabwire ataanza, Seline atafuata. Ndinda hana zamu.